Roda ya Montaspri

Kwiri, kwiri, kwiri. Usishtuke, mwanangu, lala, ni roda ya kisima tu, kigurudumu cha kamba ya ndoo, ni mimi mama yako naivuta, na nikiacha kuivuta wale walio bondeni watajua, kwa hiyo acha nikusimulie huku mikono ikifanya kazi.

Zama za mababu, kabla kilima hiki cha Montaspri, huku Ufaransa, hakijawa na hata jiwe moja juu ya jingine, alikuwapo Aldebardi, mwana wa Odoni, mwana wa Fulko mchonga mawe, Aldebardi Mvunja Mwamba, aliyepanda huku peke yake na sululu begani, akajenga ngome hii miaka saba bila msaidizi wala jirani, hata siku ya kumwoa Ermesinda aliuliza na kujijibu mwenyewe, maana alikwisha kusahau kujibiwa. Ukuta aliumaliza. Kisima hakikutoa tone. Alichimba dhiraa themanini, vumbi tupu, yeye na mkewe wakaishi kwa maji ya mvua, naye hakumwambia mtu mwingine kwamba kisima ni kikavu.

Kisha Rainaldi, bwana wa bondeni, akakizingira kilima kiangazi kizima, na mvua ikagoma, na watu waliokimbilia ngomeni wakabakiwa na ndoo moja ya maji, moja tu, na Ermesinda alikuwa na mtoto mchanga kama wewe, midomo imepasuka.

"Aldebardi we!" wakapiga kelele kutoka chini. "Mnakunywa nini huko, jasho la punda? Shukeni tuwape maji!"

Aldebardi akamwambia mkewe, "Fua nepi."

"Kwa maji ya mwisho? Una wazimu, baba watoto?"

"Fua. Zianike ukutani, wazione zikichuruzika."

Ermesinda akamnywesha mtoto mafunda mawili, yaliyobaki akafulia, huku analia. Usiku ule Mvunja Mwamba akashuka kisimani, akatamka: "Vuta roda mpaka kuche. Mimi nachimba, wao wasikie tunateka. Na usiitie mafuta." Ermesinda akavuta, kwiri, kwiri, ndoo ikipanda na kokoto, usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu ndoo ikapanda tupu, akaita, hakujibiwa, wala hakuacha kuvuta. Alfajiri bondeni hapakuwa na hema hata moja, watu wakateremka mbio kwenda kunywa mtoni.

Aldebardi hakuonekana tena. Ndiyo maana roda hii haitiwi mafuta, na kila bi harusi wa ukoo huu hudhani ni mwiko tu, mpaka azae, ndipo mama mkwe amnong'oneze kwamba kisima ni kikavu.

Mimi nimenong'onezwa juzi. Na sasa mioto imerudi bondeni, na baba yako ameshuka kisimani na sululu tangu jioni, na nepi zako nimeshazianika. Ndoo bado inapanda na kokoto, bado nzito, naihisi. Nimekuambia wewe kwa kuwa hujajua kusema. Mwingine simwambii, naapa, hata ndoo ikipanda tupu.