Kiti cha Rangi ya Dhahabu

Ndugu zangu, kabla hatujafunga ibada nipeni masikio yenu kidogo. Simu wekeni mfukoni, watoto wapakateni. Nataka kuwapeleka uani kwa mama mmoja.

Mama huyu alikuwa mjane. Kibarazani kwake kulikuwa na viti vya chuma, vile vya kuchomelewa, alivyoachiwa na marehemu mumewe. Masika yakaja, masika yakapita, viti vikashika kutu. Mwaka uliotangulia mama alinunua rangi ya kupuliza, ile ya kopo, akapulizia juu ya kutu ileile. Vikapendeza! Majirani wakasifu. Mvua ya kwanza tu, rangi ikatoka malengelenge, na ukiligusa lengelenge linamwaga vumbi jekundu. Kutu haikuwa imekufa. Ilikuwa inakula huku imefunikwa blanketi.

Sasa, mama huyu alikuwa na binti mmoja aliyeolewa. Asubuhi moja binti akarudi nyumbani na begi. Alipovua mtandio, mama akauona mkono wake, kuanzia kiwiko kwenda juu. Palikuwa na kovu la zamani lililopona vibaya, na jeraha jipya juu yake. Mnanielewa? Naona akina mama mmenielewa kabla sijamaliza.

Habari zikafika ukweni, nao wakatuma ujumbe: Jumapili baada ya ibada tunakuja kuyamaliza. Desturi yetu mnaijua. Wanakuja wazee, kuna pilau, kuna soda, mzee mmoja anasema vikombe kabatini havikosi kugongana, watu wanacheka, na binti anabeba begi lake kurudi kulekule alikotoka. Mama aliijua desturi hiyo vizuri. Alijua pia kwamba safari hii binti akirudi, huenda siku nyingine akarudishwa kwake akiwa amelala kwenye sanduku.

Jumamosi akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu, baba mdogo wa yule binti. Akakuta viti vimelazwa uani juu ya magunia. Mama na binti wamejifunga kanga puani, wanasugua kutu kwa msasa. Viti vilikuwa vibaya kuliko mwanzo: hapa vyeusi, pale vyekundu, kwingine chuma kitupu.

"Shemeji, umerogwa?" akasema. "Wageni si kesho?"

"Najua."

"Si upulizie tu? Nani atakuja kukwangua?"

"Mwaka jana nilipulizia tu. Mwaka huu nasugua."

Shemeji hakuwa na subira na mambo hayo. Alikuwa ametoka dukani na kopo lake la rangi ya dhahabu. Akalitikisa, kigololi kikalia mle ndani. Akavuta kiti kimoja ambacho hakijaguswa, chenye kutu kuliko vyote, akapuliza. Upepo nao ukapuliza. Jogoo aliyekuwa anajipitia zake akatoka hapo na mkia wa dhahabu. Chekeni, chekeni, lakini bado hatujafika.

Alipomaliza, kiti kinang'aa utadhani cha bwana harusi, akafuta mikono, akasema bila kumtazama binti: "Na huyu kesho umvalishe gauni la mikono mirefu. Mambo ya ndani ni ya ndani, shemeji. Funika kombe mwanaharamu apite."

Mama aliendelea kusugua mpaka msasa ukachanika, akachukua mwingine. Alikuwa na hasira, na alikuwa anaogopa vilevile, nisiwadanganye. Mjane akigombana na ukoo wa mumewe, anabaki na nani? Lakini kila alipoinua macho aliuona ule mkono wa mwanawe ukienda na kurudi juu ya chuma, na hofu yake ikazidi kupungua.

Jumapili wakaja. Aliyetangulia alikuwa baba mkubwa wa yule mume, mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mwenye nafasi yake benchi la mbele. Mume mwenyewe akafuata nyuma na suti yake. Wakapokewa kibarazani. Vile viti vilivyosuguliwa vilikuwa vimepangwa vivyo hivyo, bila rangi, vinatia huruma. Na katikati yake kile kimoja cha dhahabu. Shemeji akakisogeza kwa mikono miwili. "Karibu mzee, kaa hapa."

Mzee akafungua vifungo vya koti, akageuka, akaanza kushuka.

"Mkwe wangu," mama akasema, "usikikalie hicho."

Mzee akabaki ameinama. "Kwa nini? Mbona ndicho kizuri?"

"Ni kizuri. Lakini mguu wake umeoza."

Shemeji akacheka kicheko cha aibu. Mama akaweka kiganja kwenye egemeo, akakandamiza. Mguu ukakunjika kama bua lililoliwa na mchwa, kiti kikaanguka na dhahabu yake yote, na vumbi jekundu likamwagika sakafuni.

"Haki ya Mungu," mzee akasema, "leo ningevunjika kiuno. Ahsante, mama. Umeniokoa."

"Ndiyo, mkwe wangu. Wewe nimekuonya juu ya kiti. Mwanangu nani alimwonya? Lile jeraha la kwanza, lililoacha kovu, mlimpeleka ninyi kushonwa, mkamfundisha aseme ameteleza bafuni. Mlijua."

Ndugu zangu, wageni wakainamia viatu vyao, kama watu wazima waliokamatwa.

Hapo mlango wa ndani ukafunguliwa. Binti akatoka na sinia la soda. Gauni lake halikuwa na mikono. Hakuna aliyemwambia avae hivyo, hata mama yake alishtuka. Akapita kwa kila mgeni, akainama kwa adabu, na kila mgeni akalazimika kuchukua soda yake mbele ya ule mkono. Alipofika kwa mumewe, mume akashindwa kuinua mkono wake kupokea.

"Karibuni," binti akasema. "Mimi sirudi."

Naona mmeanza kugeukiana, mnamtafuta huyo mzee wa kanisa ni nani. Geukeni huku mbele. Mzee huyo ni sisi! Ni sisi tunaobeba pilau na soda kwenda kuyamaliza. Ni sisi wachungaji tunaosema "sameheaneni" kabla hatujauliza nani kampiga nani. Tunajiita wapatanishi, kumbe tumeshika makopo. Tukiona kiti kinaweza kutuvunja kiuno sisi, tunashukuru kwa kuonywa. Kikimvunja binti wa watu, tunamwambia avumilie. Hivi kweli uvumilivu ndio huo?

Msamaha upo. Sijaufuta, wala sina uwezo wa kuufuta. Lakini Mungu hapulizii rangi juu ya kutu. Wewe uliyempiga mwenzako, mlango wa kanisa hili uko wazi, ila usije na kopo. Njoo na msasa. Useme ulichofanya, ukiseme mbele yake, na kama amekataa kurudi, amekataa. Hakuna kamati itakayotoka hapa kwenda kumbembeleza.

Na wewe dada yangu uliyejifunika mtandio mpaka kwenye vidole kwa joto hili, sikuambii uuvue mbele za watu. Nakuambia hivi: kuanzia leo hakuna mtu wa kanisa hili atakayekuja kwenu kukuambia uuvae. Akija, mwoneshe mlango, halafu mwambie aje kwangu. Aibu si yako. Ni ya kwetu.

Haya, tusimame tuombe.