Radi Ajifunza Kushikwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sauti gani hiyo, ya walioshiba au ya wanaongoja kula? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa nina watu.

Hapo zamani za kale, katika mji wa wanyama, palikuwa na farasi kijana, jina lake Radi. Mzuri! Mrefu! Na mwenyewe anajua. Akipita penye dimbwi husimama akajitazama. Akishajitazama, hurudi akajitazama tena.

Mji ule ulikuwa na desturi. Bibi harusi haendi kwa miguu. Hubebwa na farasi, na farasi hucheza kufuata ngoma, mlango hadi mlango, mpaka kwa bwana harusi. Sasa Paa anaolewa Ijumaa, na farasi ni huyo huyo Radi. Akaambiwa, ukimfikisha salama, wewe ndiye farasi wa harusi. Ukishindwa, nenda kinuni kwa Ngamia ukazungushe kinu cha kukamua ufuta, macho yamefungwa kitambaa. Zunguka, zunguka, zunguka.

Ngamia akacheka. "Njoo, mwanangu. Kitambaa cha pili kipo. Nimekifua."

Wa kumfunza alikuwa Fundi Tumbili, kibibi kidogo kama kikapu. Akamtia Radi chuma cha lijamu mdomoni, akapanda, akashika hatamu, zile kamba zake, mpaka zikanyooka.

"Unanivuta!" akalia Radi.

"Sijakuvuta. Nimekushika."

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

Akatupa kichwa juu, pwaa! Mkono wa Fundi upo. Akatupa chini, vuu! Mkono upo. Radi akapata hila. Akakunja shingo, kidevu akakibana kifuani. Hatamu zikalegea. Wapita njia wakasema, "Loo! Shingo kama upinde!" Radi akavimba.

"Umependeza," akasema Fundi. "Mbele yako kuna nini?"

"Kuna... kifua changu."

"Haya twende, Bwana Kifua."

Wakaenda. Ti-ti-ti, ti-ti-ti. Chubwi! Miguu ya mbele ndani ya beseni la unga uliokorogwa.

"Vitumbua vya kwato!" akafoka Mama Bata. "Nani atakula?"

Radi akanung'unika, "Fundi, mbona hukuniambia nisimame?"

"Nilikuambia kwa hatamu. Wewe ulishazikimbia. Nilikuwa nazungumza na kamba."

Kitambaa cha Ngamia kikamjia Radi machoni.

"Nifanyeje basi?"

"Miguu ya nyuma isukume, haikuumbwa kufuata tu. Shingo inyooke, itafute mkono wangu kwenye hatamu. Ukiupata, kaa nao."

Radi akautafuta. Akauegemea.

"Mimi si ukuta, baba!"

Akapunguza. Akapunguza tena. Hapo akausikia mkono, mwepesi, kama mtoto amekushika kidole. Kidole cha Fundi kikacheza kidogo.

"Umesema twende kulia?"

"Nimesema."

"Nimesikia! Nimesikia!"

"Polepole, Ngamia asije akalia kwa kukukosa."

Ijumaa ikafika. Paa juu, Fundi nyuma yake, ngoma ndu, ndu, ka-ndu. Radi anacheza, mlango hadi mlango. Mara Tembo akapuliza baragumu sikioni kwake. Booooo! Paa akapiga yowe. Miguu ya Radi ikataka kuruka. Kidevu kikataka kifuani.

Akautafuta mkono. Ulikuwepo. Haukukaza, haukulegea. Lakini ulikuwa unatetemeka.

Eh! Kumbe Fundi naye anaogopa?

Radi akabaki pale pale, shingo mkononi mwa Fundi, akashusha pumzi. Pffff. Mkono ukatulia. Ndu, ndu, ka-ndu, wakaendelea kucheza mpaka mlangoni kwa bwana harusi. Paa akateremka, hata wanja haujaharibika.

"Fundi," akanong'ona Radi, "ulikuwa unatetemeka."

"Nani, mimi? Ilikuwa hatamu."

"Hatamu. Sawa, Fundi."

Basi jamani, si kila anayekushika anakuvuta. Usimwegemee, usimkimbie. Kaa naye, maana naye huenda amekushikilia wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni. Mimi sikualikwa, kwa hiyo msiniulize walikula nini.