Alama ya Masizi Kwenye Mkeka

Sogeeni mekoni, wajukuu zangu, mvua hii haikatiki leo. Nikisema "Maji yamechemka," ninyi mseme "Tia majani." Na mwisho nikisema "Birika limekauka," mseme "Suuza vikombe." Haya. Maji yamechemka!

Tia majani!

Kale, kale sana, kabla bati halijafunika nyumba hata moja huku milimani, wakati ukungu ukiingia ndani bila hodi na kuketi na watu, palikuwa na kijiji kinaitwa Kwemvuke. Watu wa Kwemvuke walilima, walifuga, walipika chai. Na chai yao ilikuwa chai, Mbaruku, si hii yenu ambayo mtu anakiona kitako cha kikombe. Waliponda tangawizi, wakatia majani kwa kiganja, wakaiacha ichemke na kuchemka, mpaka ikawa na rangi ya shamba lililonyeshewa.

Lakini kila mtu na chai yake. Huyu rangi tupu, yule maziwa, yule anatia chumvi badala ya sukari. Msicheke, ndivyo alivyopenda. Mwenye nyumba aliijua chai ya kila ndugu yake. Mgeni ndiye aliyeulizwa. Ndugu hakuulizwa. Hata ukikaa mbali mpaka mvi zikuote, siku ukirudi unatiwa kikombe mkononi, chai yako ileile, na hapo unajua umefika kwenu. Kumuuliza ndugu anakunywaje ilikuwa sawa na kumwambia: wewe si wa hapa tena.

Shikeni hilo, maana kisa chote kimekaa hapo. Maji yamechemka!

Tia majani!

Basi walikuwapo ndugu wawili, Mashavu mkubwa na Hadia mdogo. Wazazi walikufa mapema, Mashavu akamlea Hadia. Asubuhi alikoka moto, akabandika maziwa, akampikia mdogo wake chai nzito ya maziwa. Hadia aliukusanya ule utando wa juu kwa kidole na kuulamba.

"Acha kidole hicho, wewe! Utando wote wako?"

"Wako uko chini, dada. Kunywa uufikie."

Walicheka hivyo kila asubuhi. Kisha Hadia akaolewa ng'ambo ya milima, mbali, ambako hakuna ng'ombe. Miaka ikaenda. Mchuuzi mmoja wa chumvi, mzee Shemweta, ndiye aliyepita huku na huko na kuleta salamu.

Siku moja Shemweta akamwambia Mashavu, "Mdogo wako siku hizi anakunywa chai ya rangi. Nyeusi kama chungu, na sukari haitaki."

"Hadia wangu? Yule mla utando? Mzee, umemwona mwingine."

"Nimekunywa naye, mama. Ulimi wangu bado unalalamika."

Mashavu alicheka, lakini usiku ule alilala akiwaza. Mdogo wangu amebadili chai, na mimi sikuwapo.

Sasa sikilizeni. Mume wa Hadia akafa. Shemeji zake wakamwambia njia ya kwao anaijua. Hadia akafunga furushi, akapanda milima, mvua mgongoni. Njiani kote alikuwa na neno moja moyoni: sitaomba. Dada akinipa kikombe bila kuniuliza, nitafungua furushi langu na nitakaa. Akiniuliza, nitajua.

Masikini! Angejua dada yake alivyomngoja!

"Hodi!"

"Karibu! Karibu, mdogo wangu! Mbona umekonda hivi? Kaa, kaa hapa mkekani."

Hadia akaketi, akaweka furushi kando yake. Mashavu akakoka moto. Akabandika sufuria ya maziwa, akabandika na sufuria ya rangi. Akasimama kati ya hizo mbili. Alijisemea: nikimpa maziwa, ataona bado namdhania mtoto, ataona sijui maisha yake yalivyokwenda. Nikimpa rangi, na kama mzee Shemweta alikosea? Alitaka kumpa chai ya Hadia wa leo, si ya Hadia wa zamani. Alitaka sana isiwe na kosa. Kwa kutaka huko, akageuka na kusema:

"Mdogo wangu, unakunywaje siku hizi?"

Ndiyo, Tunu, ziba mdomo. 

Hadia aliangalia furushi lake. Aliangalia mlango. Kisha akasema polepole, "Nipe tu kama unavyowapa wageni."

Neno lile lilimchoma Mashavu. Akawaza, kumbe amekuja kama mgeni. Amekwisha kuwa wa huko. Angeweza kusema, "Shemweta aliniambia umehamia rangi, nikaogopa kukosea." Hadia naye angeweza kusema, "Dada, sina pa kwenda." Maneno mepesi, wanangu, yanatosha kwenye kijiko. Hayakusemwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake.

Basi Mashavu akapika chai ya wageni. Mnaijua? Maji mengi, maziwa ya kupakia rangi tu, sukari mpaka midomo inanata, na majani yamepita humo kusalimia. Hadia akainywa yote. Hakubakiza hata tone, kama mgeni mwenye adabu.

"Inatosha sukari?"

"Inatosha."

"Nikuongeze?"

"Nimeshukuru, mwenye nyumba."

Mwenye nyumba! Hakusema dada. Akainuka, akabeba furushi, akatoka. Mashavu alisimama mlangoni akitazama ukungu ukimmeza, na akasema kwa hasira, "Nenda, basi."

Aliporudi ndani kukung'uta mkeka, aliona kitu. Pale lilipokaa furushi palikuwa na duara jeusi. Masizi. Kitako cha sufuria.

Mnaelewa? Anayekuja kutembea habebi sufuria. Anayebeba sufuria amehama.

Mashavu aliimimina ile chai ya rangi birikani, ikiwa bado ya moto, akakimbia nayo. Chai ilimmwagikia mkononi, akakimbia. Alifika ukingo wa bonde, ukungu umejaa kama maziwa chunguni, akaita:

"Hadia! Hadia wee! Rangi ninayo! Na maziwa ninayo! Rudi, mdogo wangu, sikuuliza kwa ubaya!"

Bonde lilimrudishia sauti yake mwenyewe.

Alimtafuta. Akamtuma Shemweta huku na huko. Mara Hadia ameonekana sokoni, mara amepita, mara hakuna aliyemwona. Mwisho habari zikakatika, kama njia inavyokatika porini. Kuanzia hapo Mashavu alibandika sufuria zote mbili kila jioni, ya maziwa na ya rangi, na kila jioni zilipoa. Mkeka ule hakuuosha. Alizeeka ukiwa umetundikwa ukutani, na lile duara jeusi likimtazama.

Siku ya kumzika, watu walirudi nyumbani kwake kunywa chai. Wakasimama na mabirika mikononi, hakuna aliyemimina, maana kila mmoja alizikumbuka zile sufuria mbili. Kisha mama mmoja, mwenye umri wa Mashavu, akamgeukia dada yake mwenyewe, wa tumbo moja, akamuuliza mbele ya watu, "Dada, wewe unakunywaje?" Na dada yake akajibu, huku analia, "Rangi, mdogo wangu. Miaka mingi sasa unanipa maziwa, na mimi nanyamaza."

Ndiyo maana sisi watu wa huku tunauliza. Tunamuuliza mama, tunamuuliza mtoto, tunamuuliza hata tuliyeamka naye nyumba moja. Mtu unayempenda hubadilika ukiwa hupo, basi muulize. Na ukiulizwa, jibu ukweli, useme kwa sauti. Mbaruku, unakunywaje?

"Rangi, bibi. Lakini leo nataka maziwa."

Unaona? Ningejuaje! Haya, birika limekauka.

Suuza vikombe!

Suuzeni. Na kimoja kiwekeni hapo karibu na mlango, kikiwa kitupu. Akija mtu na furushi, tutamuuliza, na tutamngoja ajibu.