Mzee Ligunda Ashuka Dunguni

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmelegea hivyo? Mmekula wali au mmekula usingizi? Tena! Paukwaaa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Tangu tutoke misa ya Krismasi mnanisumbua: "Bibi, padri kasema Mungu alifanyika mtu. Maana yake nini? Kwani mbinguni alikosa nini?" Mimi sina maneno ya padri. Nina hadithi ya Mzee Ligunda. Kaeni vizuri, maana hii ina moto!

Zamani sana, zamani za babu wa babu zangu, palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga. Mpunga ukianza kuchanua, ndege hawana haya. Basi katikati ya shamba walijenga dungu, kibanda cha juu chenye miguu mirefu ya miti, na mzee mwenye busara kuliko wote akapanda kulinda. Mzee huyo alikuwa Ligunda.

Mwiko ulikuwa mmoja. Mlinzi akishapanda, hakanyagi ardhi mpaka siku ya kuvuna. Chakula atapelekewa, maji atapelekewa. Akishuka kabla ya siku yake, walisema, mavuno yataharibika.

Kule juu Ligunda aliona kila kitu. Ngedere akiiba, anamwona. Watu wakigombana mpakani, anawaamua hukohuko juu: "Wewe, rudisha jembe! Wewe, nyamaza!" Nao wanatii. Walimheshimu sana, ila sura yake wengine walikuwa wameanza kuisahau.

Siku moja, mpunga umeshaiva, Siwema alikwenda kukata matete pembeni mwa shamba. Mtoto mgongoni, mama mkwe wake Bibi Tabu nyuma yake. Matete marefu kuliko mtu, makavu, makavu kabisa!

Mara, pa! Papapa! Papapapa! Moto! Upepo fuuu, moshi fuuu! Moto ukawazunguka, ukabakiza upande mmoja tu, upande wa mto.

Ligunda akauona. Akasimama dunguni, akapuliza pembe: Puuu! Puuu!

"Siwema! Kimbilieni mtoni!"

"Mto uko wapi, baba?"

"Huku! Huku!" Na mkono kaunyoosha, anaonyesha!

Jamani! Mtu yuko ndani ya moshi, unamwonyesha kwa kidole! Mnacheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Siwema akakimbilia huku, moto. Akakimbilia kule, moto. Ligunda akaita mpaka sauti ikakauka. Kila alichosema kilikuwa kweli, na hakikumsaidia mtu. Mtoto akalia, ngaa! ngaa! Halafu akanyamaza.

Hapo Ligunda akaweka pembe chini. Akashika ngazi.

Wanaume waliokuwa shambani wakapiga kelele: "Mzee, usishuke! Mpunga wetu!"

"Mpunga tutalima mwingine," akasema. "Siwema tutamlima wapi?"

Akashuka. Kwa, kwa, kwa! Mguu ukagusa udongo. Watu wakashika vichwa. Yeye huyo, mbio, peku, akaingia kwenye moto.

Sasa nisikilizeni. Ndani ya moshi ule, Ligunda aliyeona kila kitu hakuona hata mkono wake mwenyewe. Akakohoa. Hakuwa anajifanya kukohoa, hapana, kifua kilimuuma kama cha mtu yeyote. Machozi yakamtoka. Na aliogopa! Ndiyo, aliogopa, msinibishie. Akatambaa, anaita, "Siwema! Siwema!" mpaka akagusa mguu wa mtu.

"Nani?"

"Mimi, Ligunda."

"Ligunda yuko juu!"

"Niko hapa, mwanangu. Shika mkono. Na wewe mama, shika nguo yangu. Inameni, tunatambaa."

Njia alikuwa ameitazama vizuri kutoka juu, ameiweka kichwani. Sasa akaipita kwa magoti. Papapa nyuma, papapa pembeni, cheche za moto zinawachoma, hawaachiani. Tambaa, tambaa, tambaa, mara, chubwi! Mtoni! Mtoto akamwagiwa maji: ngaaa! Kelele tamu hiyo! Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Pigeni na nyie! Aririririii!

Mpunga? Nusu uliungua, siwafichi. Na nyayo za Ligunda ziliungua vibaya, dungu hakulipanda tena. Jioni ile mwanamume mmoja, Mtepa, akanung'unika: "Tumepoteza mzee wetu. Aliyekuwa juu, leo anachechemea chini na sisi."

Bibi Tabu alikuwa anampaka Ligunda mafuta kwenye nyayo. Akageuka kwa hasira. "Mtepa, wewe ulikuwa umesimama wapi? Alipokuwa kule juu nilikuwa namsikia tu. Leo nimemshika mkono. Usiniambie nimempoteza!"

Mtepa akainuka. Akachukua chungu, akaenda kuchota maji ya kumwosha mzee.

Basi wajukuu zangu, mnauliza mbinguni alikosa nini. Hakukosa kitu! Sisi ndio tulikuwa tumekwama. Alituita kwa vinywa vya manabii, tukasikia, tukaendelea kuzunguka. Akashuka mwenyewe. Akazaliwa, akalia, akaona njaa, akaumia, akafa kweli, akafufuka akatutoa. Mimi mzee hivi, nikiyasema haya moyo unaniruka! Wala msidhani ni mambo ya zamani. Aliyelazwa wodini leo, hana wa kumgeuza ubavu, Yesu yuko naye palepale kitandani.

Na funzo ni hili: ukimpenda mtu, nenda alipo. Mama Edita hapa jirani kafiwa na mumewe, na tangu juzi tunamtumia pole kwa simu. Simu! Na nyumba yake ile pale, mlango tunauona. Mimi hadithi nimeitua hapa. Haya, inukeni. Mmoja achukue mkeka, mwingine abebe sufuria la wali. Tunakwenda kukaa naye.