Mama Kipenzi wa Gulioni

Leo twendeni gulioni kidogo, halafu tutarudi hapa kanisani. Msiwe na wasiwasi, sitawaacha huko.

Palikuwa na mwanamke mmoja muuza maharage. Kila Alhamisi, siku ya gulio, alitandika turubai lake karibu na mahali pa kuingilia, akapanga mafungu yake, ya njano huku, mekundu kule, akakaa kwenye kigoda chake na kipimo mkononi. Alikuwa mchapakazi, hilo nalisema mapema ili tusije tukamwonea. Lakini alikuwa na mdomo, ndugu zangu! Hakuna aliyepita mbele ya turubai lile asipewe jina. Mzee wa bakora aliitwa "mchumba wangu." Mwalimu mkuu aliitwa "roho yangu." Polisi na bunduki yake begani aliitwa "sukari," na polisi akanunua.

Wauzaji wenzake walimtania. "Wewe mwanamke, siku mumeo akisikia?"

"Asikie mara ngapi?" aliwajibu. "Mume wangu anajua hayo ni ya gulioni. Ya nyumbani nimeyaacha nyumbani."

Naona kina mama mnacheka. Mnamjua, eh? Wahenga walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, sembuse mteja. Na kuna jambo huyu mama aliligundua, ambalo wenye biashara hapa mtalielewa haraka. Si mnajua gulioni ukishapimiwa ni lazima udai nyongeza? Konzi moja juu ya kipimo, ndiyo heshima ya mteja. Basi yeye aliona kwamba ukimwita mtu jina tamu kwa wakati wake, ule mkono unaodai nyongeza unarudi wenyewe. "Mama kipenzi, nikuongeze nini tena, na moyo wangu nimeshakupa?" Mteja anacheka, anafunga mfuko wake, anakwenda zake. Sisemi alikuwa mwizi. Wala hakuwa na hila. Yalianza hivyo, yakazoeleka, mwisho yakawa yanamtoka tu kama mtu anavyopiga chafya.

Sasa Alhamisi moja gulio lilikuwa limefurika. Watu walikuwa wameuza kahawa, kila mtu ana chochote mfukoni, na muuza maharage hakuwa na nafasi hata ya kunywa maji. Akaja mwanamume wa makamo, amevua kofia ameishika kifuani. Akapenya katikati ya wateja mpaka mbele.

"Habari za kazi, dada."

"Salama, baba kipenzi. Nikupimie ya njano au mekundu?"

"Sikuja kununua. Mama yako ameanguka, amevunjika nyonga. Yuko hospitali, anakuita."

Kipimo kilimponyoka. Alitafuta simu kwenye pindo la kanga, akapiga kijijini kwao. Ikaita, ikaita. Fikiria wewe mwenyewe uko pale, simu inaita na mama yako hapokei! Mwisho ikapokewa.

"Mbona unahema hivyo?" mama yake akamuuliza. "Mimi mzima kabisa, napukuchua mahindi. Kuna nini?"

Alikata simu, akacheka huku machozi yakimtoka. "Kaka yangu, umenitoa roho! Mama yangu mzima. Umekosea mtu."

Yule bwana hakucheka. "Sijakosea, dada. Mimi ni jirani wa bibi mmoja wa kule juu, karibu na kisima. Anaishi peke yake. Ameteleza juzi akiteka maji. Daktari anataka kumpasua, anasema lazima awepo ndugu wa kusimama naye. Mimi nikasema nitasimama. Bibi akakataa. Akasema, 'Nina binti yangu gulioni, muuza maharage wa pale pa kuingilia. Mwambie mama kipenzi wake ameanguka.'"

Wauzaji wa pembeni waliangua kicheko. "Leo umepatikana! Umeita mpaka umeitikiwa!" Na yeye mwenyewe alicheka, lakini hakucheka vizuri. Akajaribu kumkumbuka. Bibi gani? "Anafananaje?" akauliza. Jirani akamweleza: mfupi, mweusi, huja na kikapu kidogo cha ukili, hununua kipimo kimoja. Muuza maharage akazungusha kichwani sura zote za Alhamisi, hakumpata. Kila Alhamisi amemwita kipenzi, na sura yake haijui. Hilo lilimchoma kidogo, nalisema wazi, kwa sababu alikuwa na moyo. Lakini wateja walikuwa wamesimama, na gulio halimngoji mtu.

Akafanya jambo ambalo sisi sote tungelifanya, tena tungejisifu. Alichukua mfuko, akapima maharage ya njano, yale ya bei, kipimo cha kwanza, cha pili, akaongeza na konzi juu. Akaufunga vizuri, akampa yule jirani.

"Mpelekee. Mwambie pole sana, na mimi namwombea, mama kipenzi wangu."

Jirani akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akautazama. Kisha akaurudisha taratibu juu ya turubai.

"Dada," akasema, "bibi yule hali maharage."

"Hayali vipi? Si umesema ananunua kwangu kila gulio?"

"Ananunua. Lakini tangu nimfahamu, tumbo lake halipokei maharage. Juzi nimeingia kwake kumtafutia kanga ya kwenda nayo hospitali, nimeyakuta uvunguni, kwenye makopo, kwenye vyungu, mengine yameshaliwa na wadudu. Nikarudi hospitali nikamuuliza bibi, yale ni ya nini? Akasema ni ya yule binti anayemwita mama kipenzi. Nikamwambia, bibi, yule mama ndivyo anavyofanya biashara, humwita kila mtu hivyo. Akaniambia, 'Najua, mwanangu. Mimi si mtoto. Lakini hakuna mwingine anayenitamkia.'"

Pale kwenye turubai hakuna aliyecheka tena. Mteja mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea mfuko wake, akaurudisha mkono.

"Amesema usipokuja hatakulaumu," jirani akaongeza. "Nimekufikishia tu."

Mnadhani muuza maharage alifikiri nini? Mimi nawaambieni aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko tusi. Kwa miaka hiyo yote alidhani anauza maharage na yale maneno anayatoa bure. Kumbe palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anayaacha maharage na kuondoka na maneno. Alimwambia mwenzake wa vitunguu, "Niangalizie," akajipangusa vumbi la maharage mikononi, akafuatana na yule jirani. Siku ya gulio! Wateja wamejaa!

Walipofika hospitali, mlangoni kwa wodi ya wanawake alikuwapo muuguzi, mama mzima mwenye miwani, hana mzaha.

"Unamtafuta nani?"

"Mama yangu."

"Jina lake?"

Ndugu zangu, pale mdomo wa asali ulikauka. Mwanamke aliyekuwa na jina kwa kila mpita njia, jina moja tu halisi hakuwa nalo. Angeweza kumgeukia jirani amsaidie. Hakugeuka.

"Silijui," akasema. "Niruhusu niingie nikamuulize."

Muuguzi alimtazama juu mpaka chini. "Unasema ni mama yako, na jina lake hulijui?"

"Nimemwita mama siku nyingi," akajibu. "Lakini kuwa mwanawe ndiyo naanza leo."

Akapishwa, akaingia.

Haya, sasa turudi kanisani, maana nimeona wengine wenu mnamhukumu muuza maharage. Mwacheni, yeye ameshaingia wodini. Mimi nawauliza sisi. Pale nje, kila Jumapili, tunashikana mikono: "Bwana asifiwe, mpendwa!" Mpendwa huku, mpendwa kule. Tunamwita hivyo hata mtu ambaye jina lake limetushinda kulikumbuka, na hapo ndipo tunapomwita mpendwa kwa nguvu zaidi. Si kweli? Na yule anayekaa benchi la mwisho, anayewahi kufika na kuchelewa kuondoka, umewahi kujiuliza anafuata nini? Wewe unadhani anafuata mahubiri yangu. Yawezekana mahubiri yangu anayaacha hapo hapo chini ya benchi, na kinachomleta ni lile neno moja la mlangoni, kwa sababu wiki nzima hakuna aliyemtamkia.

Sisemi tuache kuitana mpendwa. Hata kidogo! Tukilinyamazisha neno hilo, wapo watakaobaki hawana kitu kabisa. Ninachosema ni kwamba ahadi ni deni, na ukimwita mtu mpendwa, umemwahidi. Siku moja atateleza, na mtu atakuja na kofia kifuani kukuambia, "Mpendwa wako anakuita." Siku hiyo usipime maharage. Na Mungu, ambaye kila asubuhi tunamwita Baba, naye tutamwambia nini akituita kumtazama mwanawe aliyelala wodini? Kwamba tulikuwa na wateja?

Basi tusimame wote. Mgeukie aliye karibu nawe. Usimwite mpendwa kwanza. Muulize anaitwa nani, anakaa wapi, na akiugua nani humpikia uji. Msifanye haraka. Kwaya itasubiri.