Noti Zilizopigwa Pasi

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: fundi cherehani mmoja, mwanamke, alikata uzi, akamwambia mumewe, “Ada ya binti yetu chuoni imetimia. Imo sandukuni, usiiguse.” Alfajiri hakuamka.

Baada ya mazishi mume alifungua sanduku. Mchwa walikuwa wamemtangulia. Akachagua vipande vya noti vilivyo safi, akavipiga pasi, akaviunga kwa gundi, akavuka mpaka hadi kwenye benki kuu inayotoa fedha ya nchi nne. Dirishani alikaa mama mwenye miwani.

“Mzee, hii gundi gani?”

“Ya viatu.”

“Ya viatu! Basi hizi noti si za kutumia, ni za kuvaa.” Kisha akaacha kucheka. “Umeunga noti mbili tofauti. Tazama namba, hazilingani. Hii siwezi kuilipa.”

“Sikutaka kuwaletea uchafu, mama. Tena mimi si mtu wa nchi hii.”

“Noti ni yetu, hata ikitoka wapi. Bibi yangu alivuka mpaka huo na mauzo ya mwaka mzima. Upande wa pili fedha yetu haikuwa na thamani, wakafungia karanga kwa noti zake. Ndipo nchi nne zikaweka ahadi moja, na benki hii ya kuilinda. Ikibaki zaidi ya nusu ya noti, na namba yake, tunakupa mpya. Gundi tutaibandua polepole. Vipande vingine viko wapi?”

“Nimeviacha nyumbani. Ni aibu.”

“Lete vyote. Hata na udongo wake.”

Ndugu zangu, nani kati yetu amewahi kumwona aliyetia sahihi kwenye noti iliyo mfukoni mwake? Hakuna. Hata hivyo tunaiamini, tunalala. Kama wanadamu wameweza kutoa ahadi isiyoliwa na mchwa, isiyozuiwa na mpaka, ya Mungu itakuwaje? Natetemeka nikiifikiria.

Mbona basi sisi tunamjia na maisha yaliyopigwa pasi? Tunaunga toba ya leo na majivuno ya jana, tunanyoosha, kisha tunashangaa tukikataliwa. Kilichoharibika angekitambua. Tulichokibandika wenyewe ndicho kinachotuficha.

Kesho yake asubuhi mtu yule alikuwa wa kwanza mlangoni pa benki. Alibeba sanduku zima kichwani, na mchwa wengine walikuwa bado hai ndani yake.