Ukurasa Uliozidi

"Toa wowote, Baba Tunu, ila si huo!"

"Mama Tunu, wewe unajua nini kuhusu vitabu?"

"Vitabu sivijui. Milango naijua. Umemchora mtoto anapiga hodi, kisha unauondoa ukurasa anapoitikiwa?"

Waliogombana hivyo ni Mzee Shemweta, mchoraji wa mji mmoja wa milimani ambako ukungu hushuka mapema, na mkewe. Shemweta alikuwa amechukua riwaya ya kale ya kutisha, isiyo na picha hata moja, akaigeuza kitabu cha michoro.

Riwaya yenyewe ni ya tajiri wa jumba la mawe aliyemfukuza bintiye kwenye baridi. Binti akafia njiani. Tangu hapo, kila ukungu unaposhuka, mzimu wake huja mlangoni na kupiga hodi, na baba hujifunika gubigubi asijibu. Mwisho kabisa, mvi zimemjaa, tajiri anafungua mlango na kusema, "Karibu, mwanangu."

Kilichomtesa Shemweta ni uso wa ule mzimu. Kila alipouchora ulitoka kama kinyago. Siku moja akauachia mkono uende unakotaka. Ukamchora Tunu, na kishimo chake cha shavuni.

Tunu alikuwa mwana wao wa pekee. Alipata mimba akiwa shuleni, na baba yake akamwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, usigeuke." Hakugeuka. Lakini mji mzima uliendelea kumwita yule mzee Baba Tunu, na kila alipoitwa alichomwa moyoni. Alitamani kumwambia mwanawe arudi, ila mdomo wake ulikuwa mzito. Mkono ndio uliokuwa mwepesi.

"Akiuona uso wake atajua sijamsahau," aliwaza.

Tatizo lilizuka kwa mchapaji.

"Mzee wangu, kurasa zinachapwa nne nne, karatasi ikunjike," mchapaji alimwambia. "Wako mmoja umezidi. Chora tatu nyingine, au toa mmoja."

"Nitoe upi?"

"Toa huu wa mwisho. Kitabu cha kutisha kikiishia kwenye mlango uliofungwa, msomaji halali!"

Shemweta alikuwa amechoka, na sifa alikuwa anazinusa kwa karibu. Akautoa. Ndipo mkewe alipomjia juu.

"Nitautundika hapa ukutani," Shemweta alimbembeleza. "Utauona kila siku."

"Mimi nimeshauona," mkewe akasema. "Si mimi niliyechorewa."

Kitabu kikatoka, kikapendwa kweli. Watoto walikisoma wakipiga mayowe, kisha wakakirudia. Shule ileile aliyoiacha Tunu ikamwalika Shemweta na mkewe, wakapigiwa makofi. Waliporudi jioni, mzee alikuwa na furaha kubwa.

Wakamkuta jirani yao, Bi Mwantumu, amesimama barazani kwao.

"Mmepishana na mgeni."

"Mgeni gani?" Mama Tunu akauliza.

"Tunu! Kaja na mtoto mgongoni. Masikio ya mtoto, Baba Tunu, ni hayohayo yako, maskini. Nikamwambia, kaa, wanarudi sasa hivi. Alikuwa na kile kitabu mkononi, kakisoma kwenye basi. Akaniuliza, 'Bibi, hiki kachora baba?' Nikamwambia, ndiye, tena mji mzima unamsifu."

Shemweta hakungoja amalize. Aliingia ndani, akaubandua ule ukurasa ukutani, akatoka mbio kwenda stendi huku ameviacha viatu nyuma. "Tunu! Kuna ukurasa mmoja! Tunu!" Watu wakamtazama wakidhani amerukwa na akili. Basi lilikuwa limeshaondoka, na barabara yote imemezwa na ukungu.

Alirudi polepole. Karatasi ilikuwa imelowa mkononi mwake, na wino wa lile neno "Karibu" umechuruzika hadi chini. Mkewe alikuwa ameketi kizingitini, analia bila sauti.

"Hakuacha neno?" Shemweta akamuuliza Bi Mwantumu.

Bibi yule akainamisha kichwa.

"Alisimama hapo mlangoni. Akanyoosha mkono kama anayetaka kubisha, kisha akaushusha. Akasema, 'Waambie sikupiga hodi. Mwisho nimeshausoma.'"

Funzo: Msamaha ulioutundika ndani kwako haumfikii aliye nje. Kama kuna mtu unayetamani arudi, mwambie "karibu" leo kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sababu aliye mbali hausomi moyo wako, anausoma mlango wako.